Kamera ya mkanda imeharibu picha? Anza na negativu: dalili, visababishi na tiba kwa kamera kongwe na mikanda adimu

Mtu akitoa mkanda wake kwenye dawa akakuta mawingu, mistari au utupu, mkono wa kwanza huenda kwenye bisibisi. Nakuomba uiweke chini kwanza. Kamera nyingi ninazoletewa hapa Tanga, za kukunja, za lenzi mbili na za mkanda wa 35 mm, tatizo lake limejulikana kabla ya kulegeza skrubu hata moja, kwa kusoma negativu tu, yaani mkanda uliokwisha kusafishwa. Na nyingine zimeletwa zikiwa zimeharibiwa na bisibisi iliyotangulia, wakati ugonjwa wenyewe ulikuwa dawa iliyochoka.

Nimepanga kwa dalili. Chini ya kila dalili nimeanza na kisababishi ninachokikuta mara nyingi zaidi. Palipoandikwa Simama hapa, simama kweli.

Kwanza, soma pembeni mwa mkanda

Mikanda mingi hutoka kiwandani ikiwa tayari imepigwa mwanga pembezoni: jina la mkanda, namba za picha, mishale midogo. Maandishi hayo hayahusiani kabisa na kamera yako. Huyatoa devlopa peke yake, ile dawa ya kwanza ya kutolea picha. Ndiyo maana hukumu yake naiamini.

Maandishi yamekolea vizuri lakini katikati hakuna picha: dawa ni nzima, kamera ndiyo haikupitisha mwanga, au mkanda haukusogea. Maandishi hayapo na mkanda uko mweupe kama kioo: devlopa imekufa, au fiksa, dawa inayofuata ya kuikaza picha, imetangulizwa kwa makosa. Maandishi yapo lakini yamefifia: devlopa imechoka, au muda ulikuwa mfupi. Mkanda mweusi wote mpaka ukingoni: umeona mwanga nje ya kamera, yaani kwenye mfuko wa giza, kwenye tanki, au kwa mtu aliyefungua mlango wa nyuma kutazama kama kuna kitu ndani.

Jambo la pili: ndani ya kamera picha hukaa kichwa chini. Ukiona doa juu ya picha, tundu usilitafute juu ya kamera. Chukua negativu, fungua kamera tupu, iweke negativu mahali pake kama ilivyokuwa, upande usiong'aa ukitazama lenzi na vichwa vya watu vikiwa chini. Sasa fuata doa kwa kidole mpaka ukutane na kona ya kamera. Kazi hiyo haichukui hata dakika mbili, na mimi imenipa majibu mengi kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua.

Dalili: mkanda mtupu, maandishi ya pembeni yapo

Kwa kamera za 35 mm, kisababishi kikubwa ni kwamba ulimi wa mkanda haukushika kwenye spuli, kile kijiti kinachouvuta. Mwenye kamera amevuta wenzo mara 36, mkanda haukutoka ndani ya kikopo chake. Ukipakia, vuta wenzo mara mbili mlango ukiwa wazi, uone meno yameingia kwenye matundu ya pande zote mbili. Funga, kaza polepole kile kishikio cha kurudishia mkanda mpaka kisite, kisha vuta tena. Kishikio kisipozunguka pamoja na wenzo, mkanda hauendi.

Kinachofuata ni kifuniko cha lenzi. Kwenye kamera za lenzi mbili, na zile ambazo dirisha la kutazamia haliko kwenye lenzi, unaweza kupiga mkanda mzima huku kifuniko kiko mahali pake, kwa sababu jicho linaona kila kitu.

Baada ya hapo ndipo uishuku shata, kijilango kinachofunguka na kufunga ndani ya kamera. Fungua mlango wa nyuma bila mkanda, elekeza lenzi dirishani, piga kwa sekunde 1, kisha 1/30, kisha 1/125. Lazima uone duara la mwanga kila mara. Canon AE-1 na ndugu zake wa umeme hazipigi kabisa bila betri ya volti 6, kwa hiyo badilisha betri kabla ya kusema kamera imekufa.

Dalili: mistari, ndimi na mawingu ya mwanga

Hapa nitakaa zaidi, maana hii ndiyo dalili inayowakatisha watu tamaa. Kwenye negativu mwanga uliovuja huonekana mweusi, kwenye picha iliyochapwa huwa mweupe. Swali la kwanza ni hili: doa limeishia ndani ya fremu, au limevuka mpaka kwenye ukingo wa mkanda?

*Limevuka mpaka ukingoni.* Mwanga umeingilia nyuma. Kwenye 35 mm tazama sponji nyeusi ya kwenye kingo za mlango na upande wa bawaba. Sponji hizo, kwa kamera za Kijapani za miaka ya 1960 mpaka ya 1980, huoza zikawa kama lami. Ukigusa ikakushika kidole, imekwisha. Kwa mkanda wa rangi, mwanga ulioingilia nyuma huacha doa jekundu au la chungwa, kwa sababu hukutana kwanza na tabaka linalohisi wekundu. Kwangua sponji ya zamani kwa kijiti cha mti, malizia kwa pamba yenye spiriti kidogo, kisha weka uzi mweusi wa sufu ndani ya mfereji au ubandike kitambaa cheusi cha manyoya mafupi kwenye bawaba. Spiriti isiguse pazia la shata wala kioo cha kutazamia cha juu. Kioo hicho mara nyingi ni plastiki na huharibika papo hapo.

Kwa mkanda wa 120, ule mpana wenye karatasi nyuma, kama kingo zote mbili zimeungua kwa mawimbi huku katikati pakiwa safi, kamera haina kosa. Mkanda umejiviringa kwa ulegevu na mwanga umepenya pembeni baada ya kuutoa. Kwenye kamera kongwe, springi ndogo za shaba zinazokandamiza spuli huwa zimelala. Ziinue kidogo kwa ukucha. Pakia na kupakua kivulini, hata kama ni kivuli chako mwenyewe, na ukitoa mkanda ulegevu usiuvute kuukaza, maana utaukwaruza. Ufunge, ufiche kwenye mfuko mweusi.

Doa la duara lililofifia, katikati au karibu na katikati ya kila picha, ni dirisha jekundu la nyuma, lile la kusomea namba za picha. Dirisha lile lilitosha enzi za mikanda isiyohisi mwanga mwekundu. Mikanda ya leo inauhisi, na jua letu la saa saba mchana halina huruma. Libandike utepe mweusi, uufunue tu unapovuta mkanda, tena kivulini.

*Limeishia ndani ya fremu.* Mwanga umepitia mbele: mvukuto wa kamera ya kukunja (ile ngozi ya mikunjo kati ya lenzi na mwili), shata, au mahali lenzi inapofungiwa.

Babu yangu aliacha Kodak ya kukunja inayotumia mkanda wa 620. Mkanda wa kwanza nilimpiga bibi, amekaa barazani anachambua mchele, ungo mapajani. Picha nane. Zote zilikuwa na ulimi mweupe uliotokea kona ya juu na kulamba mtandio wake, isipokuwa ya kwanza, ambayo ilikuwa safi kabisa. Nilihangaika na usafi wa ile moja kuliko uchafu wa zile saba. Kisha nikakumbuka: ya kwanza niliipiga mara tu nilipoifungua kamera. Baada ya hapo tulizungumza, chai ikaletwa, kamera ikakaa wazi juani kati ya picha na picha. Mwanga ulikuwa unaingia kidogo kidogo muda wote huo, shata ikiwa imefungwa. Nilipofuata doa kwa kidole, nikaishia kwenye kona ya mkunjo wa tatu wa mvukuto, kona ya chini. Tundu lilikuwa dogo kuliko jicho la sindano.

Kama kiasi cha doa kinabadilika kulingana na muda ambao kamera imekaa wazi, ni mvukuto. Usiku, zima taa zote, fungua kamera, ingiza tochi ya simu ndani kwa nyuma na uchezeshe mvukuto taratibu. Ukiona nyota, weka alama. Matundu hukaa kwenye kona za mikunjo, mara chache sana kwenye ubapa. Tundu moja mawili ya ncha ya sindano huzibwa kwa rangi nyeusi ya kitambaa, tone dogo kwa kijiti, tabaka mbili, na kamera ikauke ikiwa wazi usiku kucha. Palipochanika, bandika kipande chembamba cha kitambaa cheusi kwa gundi ya mpira, kwa ndani. Utepe wa umeme ni wa kuokoa safari moja tu. Huongeza unene, na mvukuto ukikunjwa nao huchanika pembeni yake.

Kwa kamera zenye shata ya pazia, kama Zorki na FED, vidoa vya duara vilivyo wazi na vinavyojirudia mahali pamoja ni matundu ya pazia. Mara nyingi jua limeyachoma: kamera iliachwa mezani lenzi ikitazama jua, ikafanya kazi ya kioo cha kuwashia moto. Kifuniko cha lenzi huzuia hilo. Tone la rangi nyeusi inayonyumbuka linaweza kuziba, lakini likiwa nene pazia huanza kukwama.

Simama hapa kama mvukuto una matundu zaidi ya kumi. Ngozi yake imechoka, na kila tundu unaloziba litazaa jingine. Unahitaji mvukuto mpya, na kuufunga ni kazi ya fundi mwenye vifaa vya kuirudisha lenzi ikiwa imesimama wima.

Dalili: mkanda hauingii, namba hazionekani, picha zimepandana

Hapa mara nyingi kamera ni nzima, ila umeilisha mkanda usio wake.

*Mkanda wa 620.* Kodak waliuleta mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kuacha kuutengeneza mwaka 1995. Mkanda wenyewe na karatasi yake ni sawa na 120 unaopatikana leo. Tofauti iko kwenye spuli tu: ya 620 ina kijiti chembamba na visahani vidogo. Watu hulazimisha spuli ya 120, inaingia kwa kukwaruza, inazunguka kwa shida, picha zinapandana au ufunguo wa kuvutia unavunjika. Wengine hukata visahani vya plastiki kwa mkasi wa kucha. Kamera chache hukubali upande wa kutolea, lakini upande wa kupokelea lazima iwe spuli ya 620 halisi.

Njia salama ni kuhamisha mkanda ndani ya mfuko wa giza. Unahitaji spuli mbili za 620. Hamishia mkanda wa 120 kwenye spuli tupu yoyote, kisha urudishe kwenye spuli ya 620, ili mwanzo wa karatasi uwe nje tena. Mkanda umegundishwa kwenye karatasi upande wa mwanzo tu. Ukifika hapo utasikia kivimbe kwa kidole gumba. Bandua ule utepe, lainisha mkanda ulale, bandika upya. Ukikipuuza kivimbe, kitajikunja na kukwaruza, au kitakwama katikati ya kazi. Fanya zoezi mara tatu mwangani kwa mkanda ulioharibika kabla ya kuingiza mzuri. Na ukipeleka kusafishwa, mwambie msafishaji kwa kinywa na kwa maandishi asiitupe spuli. Nimempoteza rafiki mmoja wa kupigia picha kwa sababu hiyo: spuli yake ya pekee iliishia kwenye pipa, na kamera yake imekuwa pambo.

*Mkanda wa 127.* Una upana wa milimita 46, ulianza mwaka 1912, na Kodak waliuacha mwaka huo huo wa 1995. Wapo wachache wanaoendelea kuuuza, kwa bei ya kuumiza. Unaweza kuukata kutoka kwenye 120 ukiwa gizani, lakini pamoja na upana ni lazima upunguze na urefu, kwa sababu spuli ya 127 haina nafasi. Namba za karatasi huwa haziangukii sawasawa kwenye dirisha, kwa hiyo pitisha kwanza karatasi tupu na uandike ni mizunguko mingapi ya ufunguo kwa kila picha.

*116 na 616.* Upana wake ni milimita 70, na uliachwa mwaka 1984. Mkanda wa 120 hukaa humo kwa vipande vya kuongezea kwenye ncha za spuli, vya mbao, vya plastiki au vya kuchongwa na fundi wa mashine. Picha itajaa mpaka kwenye kingo za mkanda, hilo huwezi kuliepuka. Mizunguko ihesabiwe kama ya 127.

*120 sahihi, kamera sahihi, bado picha zimepandana.* Karatasi ya 120 ina safu tatu za namba: za picha 8 za sentimita 6 kwa 9, za picha 12 za mraba, na za picha 16 ndogo. Hakikisha dirisha lako linasoma safu ya kamera yako. Kamera nyingi za zamani za picha 16 zina madirisha mawili, na kila namba hupita mara mbili: 1 kwenye dirisha la kwanza, kisha 1 kwenye la pili, ndipo 2. Asiyejua hivyo huruka nusu ya mkanda. Kwa kamera zenye kihesabio chake, kama Yashica Mat-124G, angalia bamba la nyuma limewekwa 120 na siyo 220. Mkanda wa 220 hauna karatasi nyuma ya picha, ndiyo sababu bamba lina nafasi mbili. Ukikosea, kihesabio huhesabu 24 na mkanda haukai vizuri mbele ya lenzi.

*35 mm, nafasi za picha hazilingani.* Meno yamelika au kifaa cha kukamata kimechafuka. Safisha kwa brashi. Isipotosha, ni fundi.

Simama hapa wenzo ukigoma katikati ya mkanda. Usiulazimishe. Kwanza angalia kama mkanda umekwisha. Kama haujaisha, ingiza kamera kwenye mfuko wa giza na ufungue humo. Chumba chenye pazia zito wakati wa mchana siyo giza.

Dalili: shata imekwama au inafunga polepole

Picha zote zimejaa mwanga kupita kiasi, hasa zilizopigwa 1/25 au chini yake: shata ni mzito. Kwenye shata za vijani vya chuma, grisi ya miaka 60 imekauka ikawa gundi. Weka kamera tupu, mlango wazi, piga 1/30 huku ukirekodi kwa simu kwenye mwendo wa fremu 240 kwa sekunde. Mwanga uonekane kwenye fremu 8 hivi. Ukihesabu 16, shata yako ni 1/15, na unaweza kuendelea kupiga ukilijua hilo.

Kwanza izoeze: piga kila mwendo mara 20 au 30. Kamera iliyolala kabatini miaka mingi mara nyingi huamka yenyewe.

Kuna mambo matatu yanayoua shata nzima kwa kutojua. Kwenye Zorki, FED na Zenit za mwanzo, vuta shata kwanza ndipo uchague mwendo. Kwenye shata za Compur za zamani, mwendo wa juu kabisa uchaguliwe kabla ya kuvuta, maana una springi yake ya ziada. Na kile kiwenzo cha kujipiga mwenyewe usikiguse kabisa kwenye kamera yenye umri wa babu yako. Kikikwama njiani, kinaizuia shata nzima.

Kwa kamera za pazia, upande mmoja wa picha ukiwa na giza kwenye 1/500 na 1/1000, mapazia hayakimbii sawa. Tumia miendo ya chini mpaka uipeleke. Lakini kama giza hilo linatokea kwenye picha za flashi tu, kamera ni nzima: shuka mpaka 1/30 au 1/60, kulingana na alama ya X, ile inayoonyesha mwendo wa flashi.

Canon AE-1 ikilia kama inakohoa unapopiga, ni ukavu kwenye kifaa cha kioo. Picha bado zitatoka, ila usiichelewe.

Simama hapa kabla ya kupuliza mafuta yoyote ya kopo ndani ya shata. Yanapanda kwenye vijani na kwenye vioo, na fundi atalazimika kufungua kila kitu kuyaondoa. Petroli ya kiberiti husafisha shata ikiwa lenzi zimetolewa na mtu anayejua. Ukiimimina kutokea mbele, unasukuma uchafu ndani zaidi.

Dalili: picha hazina ukali

Mkono kutikisika ndilo jibu la picha nyingi. Kama kila kitu kimevutika kuelekea upande mmoja, ni mkono. Kama kuna kitu kingine kwenye picha hiyo hiyo, karibu zaidi au mbali zaidi, ambacho kimekaa sawasawa, ni umbali uliokosewa. Kama hakuna chochote chenye ukali kwenye mkanda mzima, endelea.

Fungua kamera bila mkanda, bandika utepe mweupe wenye ukungu, au karatasi ya kuchorea ramani, sawasawa pale mkanda unapopita. Weka shata kwenye B, ishikilie wazi, fungua tundu la lenzi lote, uelekeze kitu cha mbali zaidi ya nusu kilomita: mnara wa msikiti, mlingoti wa simu. Kwenye alama ya umbali usio na mwisho, kitu hicho kionekane kimekatika vizuri kwenye karatasi. Kikiwa na ukungu na ukizungusha kikawa safi mahali pengine, lenzi imekusanywa vibaya.

Agfa Isolette za miaka ya 1950 zina ugonjwa wao: grisi ya kijani hukaza vioo viwili vya mbele vikawa kitu kimoja. Ukizungusha vinatoka pamoja, na mtu anadhani ameirekebisha kumbe ameiharibia vipimo. Joto na subira huvitenganisha, lakini baada ya hapo vipimo vipangwe upya kwa jaribio la karatasi.

Dalili: kipimamwanga kinadanganya

Negativu zote ni nyembamba, hazina kitu kwenye vivuli, na kamera yako ni ya miaka ya 1960 au 1970: angalia betri. Nyingi zilitengenezwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, PX625, ambayo haiuzwi tena kwa sababu ya sumu yake. Ya alkali ya umbo lilelile huanza na volti 1.5 kisha inashuka kila siku, na kipimo hukosea kwa hatua moja (yaani mwanga mara mbili au nusu yake) au zaidi. Betri ya vifaa vya kusaidia kusikia, namba 675, hutoa volti 1.4 na huwa duka la dawa kubwa. Izungushie pete ya mpira ijae mahali pake. Huchukua wiki kadhaa tu baada ya kuondoa kibandiko. Pentax Spotmatic haina shida hii, saketi yake hustahimili tofauti hiyo ya volti.

Zenit E na Olympus Trip 35 hazina betri, zina selenia, kipimo kinachoendeshwa na mwanga wenyewe, inayochoka kwa umri. Linganisha na programu ya simu. Kwa Trip 35, ziba mbele kwa mkono ukiwa kwenye A: bendera nyekundu lazima ipande na kamera ikatae kupiga. Isipopanda, usikiamini kipimo. Kwa Zenit E na kamera nyingine unazozichagulia mwendo mwenyewe, tumia kanuni ya jua: saa sita mchana bila mawingu, f/16 na mwendo ulio karibu na namba ya ISO (kipimo cha wepesi wa mkanda kuhisi mwanga), yaani 1/125 kwa ISO 100.

Ukikuta betri ya zamani imevuja unga mweupe, futa kwa pamba yenye siki kidogo, kisha spiriti. Betri ya zebaki usiichome wala kuipasua.

Simama hapa kama kamera ina flashi ndani yake. Usiifungue, hata betri ikiwa imetolewa. Ndani kuna kapasita inayohifadhi umeme wa takriban volti 300, na hukaa nao muda mrefu.

Dalili: ukungu, chembe nyingi, namba za karatasi juu ya picha

Mkanda ni wa zamani au umeiva kwa joto. Alama za nukta na namba zinazoonekana hafifu juu ya anga ni wino wa karatasi ya 120 ulioacha athari kwa unyevu na joto. Kamera haihusiki. Kwa mikanda iliyopitwa na muda, ongeza hatua moja ya mwanga kwa kila miaka kumi, hasa ya rangi. Hifadhi kwenye jokofu ukiwa na vifuko vyake, na ukiutoa uache saa moja au mbili bila kufungua. Hewa ya pwani ikikutana na mkanda baridi hutoa jasho papo hapo.

Mawimbi ya ukungu kwenye mkanda uliosafiri kwa ndege: mashine mpya za CT za kukagua mizigo zinaweza kuharibu mkanda wowote, hata wa ISO 100. Omba kwa adabu ukaguliwe kwa mkono, ukiwa kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha.

Dalili: madoa na maziwa baada ya kusafisha

Negativu yenye utando wa maziwa haijakaa vya kutosha kwenye fiksa. Irudishe kwenye fiksa mpya, hata mwangani, itakuwa safi. Jaribu fiksa yako kwa kipande cha ulimi wa mkanda: hesabu sekunde mpaka kionekane wazi, kisha kaza kwa mara mbili ya muda huo. Muda wa kuwa wazi ukifika mara mbili ya ulivyokuwa fiksa ikiwa mpya, mwaga.

Vidoa vya duara vilivyofifia ni mapovu. Gonga tanki mezani mara mbili baada ya kumimina devlopa. Alama nyeusi kama hilali ni mkanda uliokunjika vidoleni wakati wa kuupakia, na mikono yenye jasho ndani ya mfuko wa giza huchangia sana.

Adui mkubwa wa pwani ni maji. Februari maji ya bomba kwangu hufika digrii 28. Mkanda wa HP5 Plus kwenye devlopa ya ID-11 isiyochanganywa na maji ni dakika 7 na nusu kwa digrii 20. Kwa 24 hushuka karibu dakika 5 na robo, na kwa 28 muda unakuwa mfupi mno, mkanda unatoka na madoa ya kutolingana. Punguza nguvu ya dawa, sehemu moja ya dawa kwa sehemu moja ya maji, ambapo muda wa digrii 20 ni dakika 13, ubaki na nafasi ya kupunguza. Barafu iweke kwenye mfuko wa plastiki ndani ya beseni linalozunguka chupa, isiingie kwenye dawa. Na dawa zote pamoja na maji ya kuoshea viwe na joto moja.

Dalili: kuvu kwenye lenzi

Weka B, mulika tochi kutoka nyuma. Nyuzi kama za buibui ni kuvu. Zikiwa chache ukingoni hazionekani kwenye picha. Ukungu uliotanda kwenye kioo chote huifanya picha iwe ya kijivu dhidi ya mwanga. Kuvu ya nje futa kwa kitambaa laini chenye maji ya kusafishia lenzi. Toa kamera kwenye mfuko wake wa ngozi, maana ngozi hufuga unyevu, uiweke kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya silika. Vifuko vikishiba, vikaushe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo.

Lenzi iliyogeuka ya manjano yote sawasawa, kama baadhi ya Super Takumar, haina kuvu. Kioo chake kina thoriamu na kimebadilika rangi. Itoe kwenye kamera, funika nyuma kwa karatasi ya alumini, iache juani siku kadhaa.

Simama hapa kuvu ikiwa kati ya vioo. Hiyo ni kazi ya fundi. Utakapompelekea kamera, kwa tatizo hili au jingine lolote kati ya haya, fungasha pamoja nayo ukanda wa negativu tatu au nne zenye kosa, na umwandikie zilipigwa kwa mwendo gani, tundu gani, na kamera ilikaa wazi kwa muda gani.